Mstari Katika Kila Picha

Mwanga ukiingia majini hupoteza rangi moja baada ya nyingine, na nyekundu ndiyo ya kwanza kwenda. Mita chache tu chini, glavu zako nyekundu, Baba, hugeuka rangi ya majivu, na anayezitazama kwa mbali hawezi kusema kama ni mkono au ni jiwe.

Mimi nilitazama kwa mbali. Naona haya, Baba, na bado sijamaliza kuiona.

Wewe ni mzamiaji wa bwawa la maji ya mji. Miaka thelathini umeziba nyufa za ukuta ule kwa saruji na vidole. Mji mzima unafungua mabomba na hakuna anayekujua, nawe hukuwahi kutaka kujulikana. Ndipo akaja mhandisi mpya akataka picha. "Mzee, siku hizi kazi bila picha ni hadithi." Ukanigeukia mimi, binti yako, niliyekuwa nimejitapa mbele ya wageni kwamba nimenunua kamera ya majini na ninaiweza.

Ninaiweza wapi! Nilikuwa nayo siku nne. Niliifunga kwenye kasha lake pale mezani jikoni, birika likichemka ubavuni pangu, madirisha yametokwa jasho. Nikabana kifuniko, nikaona nimemaliza. Mvuke nikaufungia humohumo.

Bwawani sikuachia ngazi ya kushukia majini. Wewe ulikuwa kule ukutani, mkono juu ya ufa uliouziba, ukinisubiri. Mimi nimeng'ang'ania chuma, naivuta picha kwa kitufe badala ya kwenda mwenyewe, flashi inamulika matope yanayoelea mpaka maji yote yakawa madoa meupe. Na ubaridi ukaugeuza ule mvuke kuwa tone, na tone likateremka ndani ya kioo, likaacha mchirizi.

Mhandisi alipozitazama picha akaona mstari mweusi ukutani. "Ufa bado uko wazi, mzee. Macho hayo yamechoka. Pumzika kwanza."

Hukubisha. Hapo ndipo panaponiuma. Wewe unayebishana hata na redio, siku ile uliitazama picha, ukaitazama mikono yako, ukaiamini picha.

Jioni nilizipitia tena zote. Mstari ulikuwa kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tisa, palepale. Ulikuwa hata kwenye picha niliyoipiga kwa bahati mbaya, ya mguu wangu juu ya ngazi. Mguu wangu nao una ufa! Nikajua saa ileile.

Naona haya kulisema, Baba, lakini ndivyo nilivyofanya. Niliifuta picha ya mguu, kisha nikaenda kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata ukaja na miwani. Uliinunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara, fremu ya kahawia, mguu mmoja umelegea. Kwa miwani hiyo ukaanza kumwaga chai nje ya kikombe. Ukawa unakipapasa kizingiti kwa kidole cha mguu kabla ya kukivuka. "Imenikaa?" ukauliza. Nikasema imekukaa. Mama akasema sasa unafanana na karani, akacheka, nami nikacheka naye.

Miezi miwili nikajifundisha, kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu. Pipa la maji uani, kijiko kimening'inizwa ndani kwa uzi, mimi nimezamisha mikono hadi mabegani. Nikajifunza kulifunga kasha asubuhi, chumbani, pakavu, na kutia ndani kile kifuko cha chembe za kunyonya unyevu kinachokuja kwenye boksi la viatu. Nikajifunza kuufuta mpira wa kifuniko usibaki hata unywele. Kuzima flashi. Kungoja jua liwe la utosini, kungoja matope yatulie, kuionyesha kamera kisahani cheupe ili ikumbuke nyeupe ni ipi. Na kukaribia. Ukidhani umefika, karibia tena. Kwa kijiko niliweza, maana kijiko hakikutazami usoni.

Jumamosi moja nikakukuta barazani umelikodolea gazeti. Sikukaa.

"Baba, ufa haukuwa ukutani. Ulikuwa ni maji kwenye kioo changu. Na nilijua."

Uliliteremsha gazeti magotini.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

Ukalikunja gazeti mara nne. "Kukosea kamera, mwanangu, ningecheka tu. Lakini miezi miwili mimi naiogopa mikono yangu mwenyewe. Hata chungwa namwachia mama yako amenye." Kisha, bila kuniangalia, ukasema, "Kachukue hiyo kamera."

Saa sita mchana mlinzi wa bwawa alitufungulia lango. Ulitangulia kushuka. Nami niliachia ngazi. Nilikwenda pumzi nimeibana, miguu nimeituliza nisitifue tope, nikakaribia, nikakaribia tena, mpaka glavu yako ikakijaza kioo.

Ukingoni, maji yakituchuruzika, nikakuonyesha. Saruji laini, isiyo na mstari, na mkono wako umetulia juu yake. Nikasema Jumatatu nitampelekea mhandisi, na nitamweleza mwenyewe nilichofanya.

"Ataiona," ukasema. "Nipe kwanza mimi niione."

Kwa mazoea ukaitoa miwani kwenye mfuko wa shati lililokuwa juu ya mawe, ukaivaa, ukaitazama picha. Ukaivua. Ukaitazama tena kwa macho matupu, muda mrefu, kidole gumba kikipita juu ya ukuta ule mdogo. Mwanga ulikuwa umefika hadi kwenye glavu bila kuipoteza rangi. Ilikuwa nyekundu.

Ulinipa miwani tu, ukaanza kuvaa shati, nami nikabaki nimeishika, sijui pa kuiweka.