Aliyejibu "Nzuri" Hapewi Uji

Mjinga nilikuwa mimi, tusitafutane. Usiku wa jana niliota niko katika mji wa enzi zile, ambako maskini hushonewa begani kibati cha kuwatambulisha ndipo wapewe uji wa hisani. Njaa yangu ilikuwa imenitangulia kwenye foleni, imenishikia nafasi.

Mgawaji alikuwa upawa, umevaa kilemba.

"Habari za nyumbani?" ukauliza.

"Nzuri," nikajibu. Ndivyo tulivyolelewa: hata nyumba ikiungua, kwanza nzuri, moto baadaye.

"Mwenye nyumba nzuri halishwi. Anayefuata!"

"Ngoja, bwana! Ile ilikuwa salamu tu."

"Sheria haina salamu. Mikono yako inaweza kazi?"

"Inaweza."

"Basi ibaki, ifanye kazi. Wewe nenda ukalishwe ulikozaliwa."

Mikono yangu inachomoka, inashika shoka, inaanza kupasua kuni za watu. Hata hainipungii.

Napiga hatua, nimefika Mikindani, jikoni kwa marehemu mama. Yuko vilevile, kanga kiunoni, anakuna nazi. Miaka yote hii nimekuwa nikiitamani sauti ile ya kukuna.

"Umekonda, Mfaume," anasema. "Mikono umeiacha wapi?"

"Imepata kazi, mama."

"Afadhali yenyewe."

Anafinyanga tonge, analichovya kwenye mchuzi, ananilisha. Sijalishwa hivyo tangu meno ya utoto. Nataka kulia, lakini bila mikono machozi nitayafutaje? Nayameza pamoja na wali.

Upawa unafika mlangoni, unahema, kilemba kimekwenda upande.

"Bi Mwanaidi, acha! Huyu ana nguvu, hana kibati, na kwa kinywa chake amesema nyumbani nzuri. Anastahili kwa lipi?"

Mama hageuki.

"Nilipomnyonyesha sikumuuliza anastahili kwa lipi. Hebu rudi chunguni, wali usiungue."

Upawa unavua kilemba, unaingia chunguni, unakoroga.

"Mama," naomba, "nibaki hapa?"

Ananifuta shavu kwa kidole gumba, polepole, kama anayefuta kitu asichotaka kiishe.

"Mikono yako ikitoka kazini imechoka, ikifika nyumbani, itamkuta nani?"

Nikaamka.

Chumbani nalala peke yangu, na jana nililalia maji matupu. Lakini shavuni palikuwa na tui la nazi, bado vuguvugu.