Bunduki Nzito

Mdomo wa bunduki ulikuwa ukinitazama tumboni. Saeed hakuwa na nia mbaya. Aliigeuzageuza tu ili mwanga wa dirishani uonyeshe uzuri wake, nami nikaingia na sinia la kahawa wakati huohuo. Nilisimama mlangoni mwa majlisi, sebule ya wageni, vikombe vikigongana, mpaka alipoishusha.

Ilikuwa Juni mwaka 2004, Al Amerat, Oman, na joto lilikuwa la kubabua. Nilikuwa nimeamka kabla ya alfajiri, nimepika, nimedeki, nimepiga pasi dishdasha tisa, kanzu zao za Kiomani, na bado ilikuwa saa tano tu ya asubuhi. Huo ulikuwa mwaka wangu wa nne katika nyumba ya Bwana Msellem. Nilimwita Baba, na mkewe, Bi Kheiria, nilimwita Mama, kama wafanyakazi wengi tunavyowaita wenye nyumba. Wao walizaliwa Unguja wakaondoka wadogo. Mimi nimetoka Biharamulo. Lugha yetu ilikuwa moja, lakini karibu yote niliyoambiwa kwa lugha hiyo yalikuwa maagizo.

Baba alikuwa amestaafu serikalini mwaka ule. Mzee wake aliwinda paa huko Unguja, naye alitaka kuwinda japo mara moja katika umri wake. Oman kuwinda kumekatazwa. Kwa hiyo yeye na Saeed, shemeji yake, walipata kibali cha kuwinda kulungu Tanzania bara, mwezi wa Julai. Kilichobaki ni kuchagua bunduki. Saeed alileta mbili, zote za kupigia risasi ya kipande kimoja, kinene kama kidole gumba, badala ya marisau ya kutawanyika.

"Chukua hii nyepesi," alisema. "Yapiga tatu mfululizo hujapepesa jicho. Ukikosa ya kwanza, ya pili ipo."

Baba aliijaribu begani. Kisha akanyanyua ile nyingine, akaguna. "Hii kama mtungi wa gesi." Aliponiona nimesimama bado, akauliza, "We Conjesta, watazama nini?"

Ningeweza kusema, si kitu, Baba. Ndivyo nilivyojibu kila swali kwa miaka minne. Nadhani siku ile nilikuwa nimechoka hata kunyamaza.

"Hiyo nyepesi itakuumiza, Baba."

Saeed alicheka. "Haya, na mpishi tumuulize bunduki!"

Baba hakucheka. "N'ambie. Kwa nini?"

Nikaweka sinia chini. "Risasi ile ni kubwa. Bunduki ikiwa nyepesi, msukumo wote unaingia begani. Ukishaumia mara moja, mara ya pili unafumba macho kabla hujafyatua. Na mtutu wake ndani ni laini, hauizungushi risasi. Ikipita hatua hamsini inakwenda inakotaka. Hii nzito ina mifereji ndani. Inatulia. Utapiga moja tu, lakini utajua umepiga wapi."

"Nani alokufundisha?"

"Baba yangu. Baba yangu mzazi. Alikuwa askari wa wanyamapori."

"Yuko wapi sasa?"

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Walijua nina mama na wadogo zangu. Upande wa baba nilikuwa nimeuacha mtupu, na hakuna aliyeona kuwa haupo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka 1990. Baba yangu, Pius, alikuwa akiongoza wageni wa kuwinda. Mgeni mmoja alikuwa na bunduki nyepesi kama ile, ya kupiga haraka. Risasi ya kwanza ilimvunja kulungu mguu, akaingia kichakani. Baba yangu akazunguka upande wa pili amtafute, maana mnyama aliyejeruhiwa haachwi hivihivi. Majani yakatikisika. Mgeni akapiga ya pili, akapiga ya tatu.

Niliyasema hayo kwa maneno machache kuliko haya. Niliongeza kwamba kulungu tulimkuta kesho yake, amekufa peke yake, hatua mia moja kutoka pale baba yangu alipoanguka. Kwamba nilikuwa kidato cha tatu, na sikurudi shule.

Saeed alirudisha bunduki nyepesi kwenye mfuko wake, akafunga zipu taratibu. "Inna lillahi," alisema, bila kunitazama.

"Nitachukua hii nzito," Baba alisema.

Nikajua kazi zangu zimeongezeka. Kila siku, baada ya vyombo vya mchana, alinipandisha darini, juu ya paa bapa la nyumba. Joto lilikuwa likitoka milimani kama mvuke wa sufuria. Yeye alishika bunduki tupu, mimi nilisahihisha: kitako kibane begani, Baba, pumua, toa nusu, ngoja. Bi Kheiria hakupenda. Alisema watu wataona. Miguu yangu ilivimba. Nikawa nakwenda kulala nimevaa nguo za kazi. Siku ya mwisho nilimwambia Baba neno ambalo baba yangu alikuwa akiwaambia wageni wote, na wote waliitikia kwa kichwa, hata yule mgeni aliyemuua.

"Usipomwona mnyama mzima, kichwa na miguu, usiguse kifyatulio. Kichaka si mnyama."

Baba na Saeed walikaa Tanzania siku kumi na mbili. Sikuwa na sababu ya kuhesabu siku za watu waliokwenda kustarehe, ila niliunguza wali mara mbili, na Mama akaniuliza kama naumwa.

Baba alirudi amekonda, uso umeungua. Alikaa majlisi peke yake, akaniita. Nilidhani anataka maji.

"Sikumpata," alisema. "Niliona makalio yake tu, na majani. Saeed akaninong'oneza, piga, piga! Sikupiga."

"Ni sawa, Baba."

"Tulikuwa na askari, kijana wa huko. Godson. Nilimwambia, wewe utatembea nyuma yangu. Akasema, mzee, kazi yangu mimi ni kutangulia, ndio nnalipwa. Nikamwambia sifyatui mpaka uwe nyuma yangu." Akavuta pumzi. "Siku zote alikuwa nyuma yangu, Conjesta. Nazisikia nyayo zake."

Nikajikuta nimekaa juu ya zulia ambalo nililifagia kila siku na sikuwahi kulikalia. Sikulia. Miaka kumi na nne ilinishuka mwilini yote kwa pamoja.

Mama aliniita kutoka jikoni. Akaita tena. Nikaweka mkono chini ili niinuke.

"Kaa," Baba alisema. Kisha akapaza sauti yeye mwenyewe, kuelekea jikoni: "Kheiria! Mwache mtoto wa watu apumzike."

Nililala palepale, kichwa juu ya mto wa wageni, mpaka wakaadhini Alasiri.