Kijiti Ambacho Hakikuvunjwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelazwa kwenye kioo cha sampuli, chini ya hadubini yangu mwenyewe, na anayenichungulia ni kokolithi.

Kokolithi ni kigamba cha chokaa cha kiumbe wa baharini, kidogo kuliko vumbi. Kazi yangu ni kuwatambua ili tujue umri wa jiwe; mwenye umri mdogo kuliko wote ndiye huamua. Asubuhi ripoti yangu ingewafikia wachorongaji, wale wanaotoboa ardhi wakitafuta jiwe la zama za dinosaria: bado ni changa, fungasheni virago.

"Zimeni mwanga," anaamuru kokolithi mmoja, babu mwenye umbo la mchemraba.

Giza. Ndivyo tunavyowafanyia sisi, kwa vichujio vya mwanga. Kokolithi halisi hung'aa gizani, na msalaba mweusi humtokea kifuani. Meza ya hadubini inazunguka. Mimi sing'ai.

"Hana msalaba, hana pete, na anapumua ovyo. Mwandikeni asiyejulikana, mumgandishe kiooni kwa gundi."

"Babu, mimi ni Mwanjaa. Nina shahada."

"Iko upande gani? Mgeuzeni tuone."

Nilipogeuzwa nikajikuta barazani. Wazee wa zama za dinosaria wameketi mkekani, na kokolithi mmoja kijana anawagawia kahawa huku jasho linamtiririka.

"Dada, nitoe hapa," ananong'ona. "Nina miaka milioni hamsini tu. Tangu uniweke huku napiga shikamoo mpaka koo limekauka. Mimi ni wa jiwe la juu!"

"Ulifikaje?"

Kijiti cha meno kikakohoa. Ndicho tunachotumia kupaka unga wa jiwe kwenye kioo. Kila sampuli na kijiti chake, kisha kinavunjwa ili kisihamishe unga.

"Mimi sikuvunjwa," kikasema. "Nilifutwa kwenye koti."

Aibu ikanishika. "Nilikifuta vizuri," nikajitetea. Wazee wakacheka hadi chokaa ikawapukutika.

"Yaani unawafukuza wachorongaji mlangoni kwetu," akasema mchemraba, "kwa sababu ya huyu mtoto wa juzi? Leteni gundi."

Tone la baridi likanidondokea kiwikoni.

Nikaamka, kumekucha. Nikataka kujigeuza, kiwiko kikagoma. Kilikuwa kimegandia shuka, na shuka lilinuka gundi ya maabara.

Kwa mkono uliobaki nikampigia mkuu wangu, Dokta Kilindo.

"Shikamoo, Daktari. Tafadhali, ripoti isitoke. Yule kokolithi kijana ni wa sampuli ya juu, nilirudia kijiti. Jiwe ni lenyewe, wasiondoke."

"Marahaba. Una bahati, ndiyo kwanza nafungua kompyuta. Nani kakugundulia kosa?"

Nikavuta kiwiko, shuka likafuata.

"Wenyewe, Daktari."