Kibati cha Bwana Zamu

Kila asubuhi, kabla magari ya wageni hayajafika, Dobi alianza na samaki. Samaki huyo alikuwa amepanda baiskeli kando ya barabara ya ufukweni, mapezi juu ya usukani, na ndege wa baharini walimpenda kuliko sanamu zote, kwa hiyo kichwa chake kilihitaji brashi ngumu na sabuni ya unga. Baada ya samaki alimwosha mbuzi anayesoma gazeti, kisha kaa mwenye miwani ya rimu za baiskeli, kisha bibi harusi aliyebeba tairi la akiba begani. Mwisho kabisa alimwosha mumewe.

Kwa mumewe hakutumia brashi. Alitumia kitambaa laini na maji safi yasiyo na sabuni, maana hata alipokuwa hai sabuni ya unga ilimwasha.

Kazi hiyo alipewa na baraza la mji, kwa kuwa mji ulikuwa mdogo, hauna hoteli ya maana wala mnara wa kujivunia, na hao wageni wachache waliokuja walikuja kwa ajili ya sanamu. Walisimamisha magari, wakacheka, wakapiga picha na mbuzi, wakaondoka. Mchana Dobi alirudi nyumbani kufua nguo za watu.

Aliyetengeneza sanamu zote alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Fundi Saruji. Yeye hakuchonga nguo hata siku moja. "Kuchonga mikunjo ni kazi ya wenye subira," alisema, "na mimi subira yangu iliishia kwenye ndoa." Aliomba nguo kuukuu kwa watu, akazichovya kwenye uji wa saruji, akazivalisha nondo na waya, akaziacha zikauke. Kwa hiyo kila mtu mjini alizijua nguo zile. Gauni la bibi harusi lilikuwa pazia la ukumbi wa shule. Koti la mbuzi lilikuwa la hakimu mstaafu, na hakimu mwenyewe alipopita alisimama kulikagua, akasikitika kwamba limemkaa mbuzi vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa yeye.

Ovaroli ya mwisho barabarani ilikuwa ya mume wa Dobi. Mume huyo alifanya kazi kiwanda cha barafu, kwenye tangi la maji ya chumvi ambamo vitalu vya barafu hugandishwa. Siku moja alikwenda kazini, hakurudi. Kiwanda kilikuwa na utaratibu wake getini: kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba, akiingia anakitundika kwenye msumari wake, akitoka anakichukua. Siku ile msumari wa mume wa Dobi ulikuwa mtupu. "Hakuja," alisema Meneja. "Msumari haudanganyi." Wiki hiyohiyo tangi lile kuukuu alilofanyia kazi lilijazwa kifusi, likamwagiwa sakafu ya zege. Walisema lilikuwa linavuja.

Mjini ikawa ndiyo hadithi: mtoro, kapata mwanamke kwingine. Wifi yake Dobi, dada wa mume, alikuja mpaka mlangoni kuyasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, wifi. Wewe ndiye uliyekuwa unalala naye. Sisi tutajuaje ulimkosea nini?"

Dobi alikuwa na nguo za watu mkononi, akaendelea kuzikamua. Alitaka jambo moja tu duniani, na alilisema kwa kila aliyemuuliza na kwa wengi ambao hawakumuuliza: kiwanda kiseme kwa kinywa chake kwamba mume wake alikwenda kazini siku ile, na kimtafute pale kinapojua alipo. Alipoona hakuna anayesema, alichukua ovaroli ya pili ya mumewe, ile aliyoiacha nyumbani siku hiyo, akampelekea Fundi Saruji.

"Mtengeneze asimame," alimwambia. "Wakisema amekimbia, wamwone amesimama."

Fundi akamtengeneza. Kwa vile uso wake ulielekea kiwandani, kama mtu anayengoja zamu yake iingie, watu wakamwita Bwana Zamu.

Mvua za kwanza zilipokwisha, Bwana Zamu akahama. Asubuhi alikuwa baada ya bibi harusi, jioni yuko mbele ya samaki. Wageni walilalamika kwamba ubao wa ramani unawapotosha. Karani wa baraza akaja na rangi, akafuta alama ya zamani, akachora mpya, na kesho yake akaja tena. Mwishowe alichora mshale tu unaoelekea kiwandani, akaenda zake.

Fundi Saruji ndiye aliyekasirika. "Mimi sikumwekea magoti! Nimepitisha nondo moja kwa moja, kutoka kisigino mpaka kiunoni. Sasa watu watasema kazi yangu haikukauka."

"Imekauka, mzee wangu," alisema Dobi. "Anatembea hivyohivyo mkavu."

Alitembea pale mtu alipoangalia pembeni. Dobi akiinama kukamua kitambaa, akiinuka anakuta ameshapiga hatua. Kisigino cha kushoto kilikwaruza lami, na Dobi alikijua kisigino hicho, kilikuwa kimemlia viatu vyote upande mmoja. Mkono wa kulia nao haukutulia. Vidole vya saruji vilikuwa vinakwangua mfuko wa kifuani, krr, krr, njia nzima. Dobi alidhani mumewe anawashwa. Alichukua ufagio, akamfuata nyuma akifagia unga wa saruji aliouacha, kwa sababu kufagia pia kulikuwa kazi yake.

"Nenda tu," alimwambia. "Mimi nipo."

Walifika kiwandani kengele ya asubuhi ikilia. Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja, wakatundika vibati kwenye misumari. Bwana Zamu akasimama kwenye foleni kama wengine, na zamu yake ilipofika Mlinzi akanyoosha mkono.

"Kibati?"

Krr, krr, vikafanya vidole mfukoni.

"Bila kibati huingii, kaka. Sheria ni sheria. Sogea wenzako wapite."

Bwana Zamu akasogea. Kesho yake akapanga foleni tena, na kesho kutwa, na kila siku Mlinzi alimuuliza kibati na kila siku vidole vikakwangua. Dobi alisimama kando na ufagio wake. Asubuhi moja jua lilipiga mfuko ule kwa ubavu, akaona saruji yake imevimba kidogo, mahali ambapo mfuko mtupu haupaswi kuvimba.

Loo, dobi mzima! Miaka yote hiyo hajaingiza shati la mtu kwenye beseni kabla ya kukagua mifuko. Alishawarudishia watu funguo, meno ya bandia, hata barua za mapenzi zisizowahusu wake zao. Lakini mganga hajigangi. Ovaroli ya mumewe aliifua haraka usiku wa kuamkia siku ile, akaianika, akaipiga pasi, hakuingiza hata kidole. Na asubuhi ile mumewe alivaa ile nyingine.

Alikwenda kwa Fundi Saruji kuazima tindo na nyundo. Fundi alitaka kumfanyia mwenyewe, Dobi akakataa. Alirudi getini, akaweka kiganja kifuani kwa mumewe kumtuliza, akagonga taratibu mpaka ukingo wa mfuko ukabanduka. Kibati kilikuwemo, namba yake inasomeka. Dobi aliketi chini ya ukuta akalia kwa sauti, hakujali nani anapita. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga, akaomba kumwona Meneja.

Meneja alikigeuzageuza kibati mezani.

"Kilikuwa nyumbani siku ile?"

"Kilikuwa mfukoni, kwenye ovaroli aliyoiacha. Ndiyo maana msumari ulikuwa mtupu. Aliingia bila kibati."

"Hapa haingii mtu bila kibati, mama. Hata hiyo sanamu yako haijaingia, umeona mwenyewe." Alimrudishia kibati kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. "Umetusaidia sana. Sasa tuna ushahidi kwamba hakuja."

Dobi alitoka hasira zimemfika masikioni. Alikuwa amekitafuta kitu cha kumtetea mumewe, na kitu chenyewe kimeshika upande wa kiwanda. Mtu mwingine angekitupa baharini. Yeye alikwenda hadi kwa Bwana Zamu, akavifumbua vidole vyake kimoja kimoja, akakiweka kibati katikati.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Hiki hapa. Sasa ingia, wakuone."

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa ndefu. Zamu ya Bwana Zamu ikafika. Mlinzi, ambaye zamani kila Jumapili alikuwa akicheza drafti na mume wa Dobi kwa vifuniko vya soda, alinyoosha mkono bila kutazama, akaona kibati, akatabasamu.

"Ahaa! Leo umekumbuka, bwana wewe. Si kama siku ile."

Foleni nzima ilimgeukia. Mlinzi naye alisikia alichokisema, akaufunga mdomo.

"Siku ipi?" aliuliza Dobi.

"Nimetania tu, shemeji."

"Siku ipi uliyompitisha bila kibati?"

Mlinzi aliangalia viatu vyake. Waliokuwa kwenye foleni waliangalia vyao. "Nina watoto, shemeji," alisema polepole.

"Na mimi nina watoto. Wanaitwa watoto wa mtoro."

Bwana Zamu alipita katikati yao akiburuta kisigino, akatundika kibati kwenye msumari wake, akaingia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kona ya sakafu ya zege, lilipokuwa tangi kuukuu, akasimama juu yake. Fundi Saruji alikuwa amemtengeneza akitazama mbele. Sasa aliinamisha kichwa, akatazama chini.

Kila mtu kiwandani alielewa. Ni mambo ya kueleweka hata na mtoto. Dobi alidai sakafu ivunjwe hapohapo, akadai tena ofisini, akadai baraza la mji. Mlinzi alipoitwa akasema alitoa salamu tu. Waliokuwa kwenye foleni wakasema mashine zilikuwa zinapiga kelele. Meneja alikuja mwenyewe konani, akamzunguka Bwana Zamu mara moja, akaagiza asisumbuliwe, mradi asizuie toroli za barafu.

Hajazuia toroli. Huingia kengele ikilia na hutoka kengele ikilia, hali, haumwi, haombi ruhusa ya msiba. Siku hizi wageni wakimaliza mbuzi na samaki huufuata mshale wa Karani mpaka kiwandani, wakaazimwa mabuti ya mpira, wakaonyeshwa. Meneja hupenda kuwaongoza yeye mwenyewe. Huwaonyesha msumari wenye kibati, akawaambia kwamba huyu hajakosa kazi hata siku moja tangu alipoanza kuja.

"Zamani alikuwa mtoro," huongeza. "Amejirekebisha."

Wifi alikuja kuangalia, akasimama konani kwa muda mrefu, akatoka. Siku hiyo jioni alifika kwa Dobi na beseni lake, akaketi upande wa pili wa maji, wakafua pamoja. Hakuomba radhi, na Dobi hakumdai.

Asubuhi Dobi bado huanza na samaki. Akimaliza bibi harusi hubadilisha maji kwenye ndoo, huchukua kitambaa laini, na kumfuata mumewe hadi getini. Humfuta unga wa njiani, shingoni na kwenye mfuko uliobanduka, huku foleni ikisogea. Kisha humgeukia Mlinzi, na wote waliopo wanajua kinachokuja, wengine hujifanya wanafunga kamba za viatu.

"Shemeji, siku ile alikuja kazini au hakuja?"

Mlinzi hukohoa. Amekonda siku hizi. Hupokea kibati cha Bwana Zamu, akakitundika yeye mwenyewe kwenye msumari, akafungua geti.

"Haya," husema Dobi, akiinua ndoo yake. "Nitakuuliza kesho."