Maneno ya Wimbo wa Polepole

Katika nyimbo zote za bendi yao, Duane aliupenda zaidi ule wa polepole, ulioanza kwa gitaa la kukwaruza kisha ngoma zake zikaingia kwa kishindo. Aliupiga majira yote ya mvua pale mjini Aberdeen bila kuyasikiliza maneno. Jumamosi moja, wakifanya mazoezi gerejini, akayasikia: mwanamke mwenye kovu gotini.

“Rhonda wangu naye analo,” alimwambia Lyle, mwimbaji aliyeutunga.

Lyle akacheka. “Acha wivu, bwana! Rhonda si alianguka na baiskeli tu?”

Duane aliziweka chini fimbo zake za ngoma. Miaka sita ya ndoa, mkewe alikuwa akimwambia aling’atwa na mbwa. Akaanza kufungua ngoma zake, moja moja, akazipakia garini.