Sahihi ya Mpika Chai

Mimi programu siijui. Miji niliyolala ni mingi kuliko madarasa niliyokaa, na nilipotua kwa mpwa wangu na begi langu moja, msaada wangu ulikuwa kuchemsha chai. Yeye na mwenzake, juu ya chumba cha fundi cherehani, walikuwa wanatengeneza programu ya kupanga oda za maduka ya mikate. Waliitoa kwa leseni ya wazi: yeyote aichukue, aibadilishe, ila asiwafungie wengine wala asifute jina la mwandishi.

Mpwa wangu ana ugonjwa mmoja: ukimsaidia, lazima akuandike. Juu ya kila faili aliweka waandishi wanne: yeye, mwenzake, fundi cherehani aliyetuazima umeme, na mimi.

Mwenzake akaenda kimyakimya kuiuzia kampuni fulani programu hiyo, iwe yao peke yao. Kampuni ikataka sahihi zote nne. Mpwa wangu alisaini katikati ya rundo la fomu za kodi, hakusoma. Fundi alidhani ni risiti ya vitambaa. Nikabaki mimi, nami nilikuwa safarini, nikarudi baada ya wiki tatu.

Wakili wa kampuni alipanda ngazi akihema.

"Mzee, nimekutafuta wiki tatu! Saini hapa, maduka yale yatafute programu nyingine."

"Mjomba, usithubutu!" mpwa wangu akaruka kitini. "Wameniingiza mkenge!"

"Mjomba," mwenzake naye akalainisha sauti, "ofisi mpya ina chumba chako. Utapumzika kuhangaika."

Nikiri: chumba nilikitamani. Lakini mwenye duka la mikate la kona huniita kwa jina.

"Sisaini."

"Basi sehemu uliyoandika tutaiandika upya," wakili akasema. "Ni ipi?"

"Nilipika chai."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe! Nafuta jina, tumemaliza."

"Soma leseni," mpwa wangu akamwambia.

Akasoma. Akarudia. Kicheko kikamkauka.

Ijumaa kampuni ikajitoa. Mwenzake akaondoka na kiti chake pamoja na birika, maana kumbe lilikuwa lake. Sasa nachemshia kwenye sufuria ya fundi. Maduka bado yanapanga oda.

Jana mpwa wangu alitaka kuweka mambo sawa, kila jina na kazi yake.

"Mjomba, nikuandike mpika chai?"

"We mtoto," nikamwambia, "hebu acha hivyohivyo!"