Sanduku la Sauti la Mama Makochi

Mama Makochi hakupokea simu mchana, na sababu yake ilikuwa ya haki: mdomo wake ulijaa misumari. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili umeshika nyundo, misumari midogo inachomoka mdomoni mmoja mmoja. Waliokuwepo wanaapa kwamba siku moja alipiga chafya akapigilia kiti kizima kwa mkupuo mmoja.

Basi kila aliyepiga aliishia kuongea na sanduku la sauti. Jioni, misumari ikisharudi koponi, Mama Makochi alijitupa kwenye kochi la mteja yeyote, akapiga namba ya sanduku na kusikiliza. Mwenye mapazia, anayekohoa kabla ya salamu. Mwenye stuli ya mguu mmoja. Jirani. Walifuatana tu, huwezi kujua nani yuko nyuma ya nani. Na katika kile kimya kifupi baina yao, moyo wake ulisimama kama mtu aliyesikia hodi.

Kitindamimba wake aliondoka kwa hasira mvua zilizopita. Mlangoni alisema, "Nikipata namba nitakupigia." Mpaka sasa, kimya.

Jioni moja wifi yake, mstaafu wa kupokea simu hotelini, alikuja kupumzisha miguu. Akakuta kwenye simu ya Mama Makochi tangazo la kampuni ya simu: jumbe za sauti sasa zaweza kuonekana kwenye kioo, zimepangwa kwa namba na saa, hata maneno yake yameandikwa. Unamgusa unayemtaka, wengine unawaruka.

"Washa hii leo hii, wifi. Utaacha kumsikiliza mwenye mapazia akikohoa."

"Anakohoa vizuri tu."

"Utawaona wote kwa pamoja."

"Ndicho nisichokitaka." Mama Makochi alitoa msumari uliosahauliwa shavuni. "Nikisikiliza, anayefuata anaweza kuwa mwanangu. Nikiona orodha, nitajua papo hapo hayumo. Jioni yangu niifanyie nini?"

Wifi akachukua simu, akapiga namba ya sanduku, akaweka sikioni. Uso ukambadilika.

"Hizi jumbe huwa unafuta?"

"Nifute kwa nini?"

Wifi akatazama pembeni, kwenye magunia ya vipande vya vitambaa yaliyofika darini. Humo mlikuwa na mahameli ya viti ambavyo wenyewe walishazikwa. Nyumba hiyo haikutupa hata uzi.

"Na huyu dada wa kwenye simu, anayesema mwanzoni, humsikilizi?"

"Yule ana maneno mengi. Nambonyeza anyamaze."

"Anasema sanduku limejaa, wifi. Mtu akipiga hawezi kuacha neno. Hujaona ni walewale kila jioni?"

"Niliona. Nikadhani kazi zimepungua."

Hawakucheka. Walipekua simu zisizopokelewa: msururu wa namba ngeni. Wakazipigia. Mmoja alikuwa amekosea namba, wa pili alitaka mto wa kiti, nyingine ziliita mpaka zikachoka. Wifi akawasha ile huduma mpya bila kuomba ruhusa tena, na orodha ikajaa kioo. Mapazia, stuli, jirani, mapazia. Hayumo.

"Labda hakupiga," Wifi alisema taratibu.

"Au alipiga akakuta nimemfungia mlango." Mama Makochi alijaribu kuamua lipi lina nafuu. Akashindwa. "Futa mapazia ya kwanza."

"Hiyo moja tu?"

"Nafasi ya mtu mmoja inatosha."

Kesho yake simu iliita akiwa katikati ya kupigilia mgongo wa kochi. Akatema misumari sakafuni, akakimbia, akajichoma unyayo, akafika simu ikiwa imekatika. Akasimama kwa mguu mmoja kama ile stuli, akikikodolea macho kioo. Muda si muda orodha ikasogea, ujumbe mpya ukakaa juu kabisa, umejaza ile nafasi.

Ilikuwa namba ya mwenye mapazia. Anaulizia mapazia.

Mama Makochi akamfuta, nafasi ikabaki wazi tena. Akaketi sakafuni katikati ya misumari, simu mapajani, mdomo mtupu, na kazi za watu zikimngoja.